Msimulizi Kando ya Picha

Kabla mwenyeji wa sinema bubu, ambaye ndiye msimulizi wake, hajafungua mdomo, huwa ameshafanya kazi ambayo hakuna mtazamaji atakayemshukuru kwayo: amepima mwendo wa picha. Kamera nyingi za mwanzo zilizungushwa kwa mkono. Mpigapicha mmoja alitoa picha 16 kwa sekunde, mwingine 18, mwingine 22, na hata yule mmoja alibadilika kadiri mkono ulivyochoka au tukio lilivyomtaka. Sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, mwendo ukafungwa kwenye picha 24. Chukua filamu ya 1915 uiendeshe kwa mwendo huo bila kuirekebisha, utaona waombolezaji wakitimua mbio nyuma ya jeneza, na mchimbaji akipiga sururu kwa pupa isiyo ya binadamu. Watazamaji watacheka, lakini watakuwa wanamcheka mtu kwa kosa la mashine. Kwa hiyo mwenyeji anayeijua kazi yake hukaa peke yake na filamu, akaipunguza mwendo kidogokidogo, mpaka mtu wa kwenye picha atembee kama mtu.

Hapo ndipo heshima ya ufundi huu inapoanzia. Anayekaribisha watu kutazama sinema isiyo na sauti ana wageni wa aina mbili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni wale waliokuja kutazama. Wa pili ni wale wanaotazamwa, ambao wengi wao walishakufa na hawana njia ya kujitetea. Wote wako chini ya ulinzi wake usiku ule, na ustadi wake hupimwa kwa jinsi anavyowatunza wote wawili bila mmoja kumlalia mwenzake.

Siku hizi kazi hii imepata uwanja mpya. Katika Second Life, dunia pepe iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, mtu hujitengenezea mwili wa kuchora, avata, akautembeza mpaka kwenye ukumbi uliojengwa na watumiaji wenyewe, akauketisha kwenye kiti, akatazama filamu pamoja na watu ambao miili yao halisi imetawanyika duniani kote. Sinema bubu inafaa sana mahali kama hapo. Haina mazungumzo ya kugongana na sauti ya mwenyeji. Haimbagui anayejua Kiingereza na asiyekijua. Nyingi kati ya filamu hizo ni za zamani kiasi kwamba haki za wenyewe zimeshaisha muda. Na familia za Lubumbashi, ambazo leo zina ndugu Brussels, Liège, Johannesburg na Lusaka, zinaweza kukaa safu moja bila viza.

Naitaja Lubumbashi kwa makusudi. Ni mji wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, wenye mambo mawili ambayo ufundi huu unayahitaji: hazina ya picha zisizo na sauti zilizopigwa juu ya jasho la watu wake, na watu wanaojua kusema.

Tuanze na kusema. Elisabethville, kama mji ulivyoitwa tangu 1910 mpaka 1966, uliijua sinema mapema kupitia misheni na kambi za wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni ilipoamua, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwamba mfanyakazi akae na mkewe na watoto wake kambini badala ya kuja na kuondoka, burudani nayo ikawekwa kwenye mikono ya kampuni na mapadri. Mwaka 1936 serikali ya kikoloni ikaongeza kufuli: Mkongo asionyeshwe filamu ambayo haijapitishwa na wakaguzi kwa ajili yake. Filamu ilichujwa, saa ilipangwa, mahali palipangwa. Kilichobaki nje ya kufuli ni mdomo wa mtu mmoja, yule aliyesimama kando ya pazia akiwaeleza watazamaji kwa lugha yao kinachoendelea. Maana mkubwa aliyeleta projekta, kama hakuijua lugha ya uwanjani vizuri, angejuaje kwamba kicheko kile kinatokana na filamu na si na neno la msimulizi?

Katika Afrika ya Mashariki na Kati kazi hii haijawahi kufa, imebadilisha nguo tu. Tanzania ilikuwa na Derek Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu, aliyeweka Kiswahili chake juu ya filamu za Kihindi, za Hollywood na za Nigeria, kanda zikasambaa mitaani. Kenya ina DJ Afro, ambaye ukimsikia mara moja hutachanganya sauti yake na ya mtu mwingine. Kampala ina ma-VJ wa vibanda vya video, na mmoja wao, VJ Emmie, amepenya mpaka ndani ya filamu yenyewe: Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga mwaka 2010, inajulikana duniani kote pamoja na sauti yake, na wengi wasingeitaka bila yeye. Mbali zaidi, Japani iliwaita wasimulizi wake benshi, na katika enzi zao watu walikuwa wakichagua ukumbi kwa kuangalia ni benshi gani yuko zamu. Sauti ilipoingia waliupoteza ulaji wao, ingawa mpaka leo wako wachache wanaoifanya kazi hiyo mbele ya watu.

Lubumbashi yenyewe ilitoa shule yake ya maneno kwenye jukwaa. Kundi la Mufwankolo lilichekesha mji kwa Kiswahili cha Katanga, kwenye redio na baadaye kwenye televisheni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa nao mwaka 1986 wakitengeneza mchezo, na kitabu alichokitoa mwaka 1990 kinaonyesha wazi jinsi walivyofanya kazi: hapakuwa na maandishi ya kukariri. Walikubaliana mpangilio wa matukio, kila mtu akajua aingie wapi na atoke wapi, na maneno yakazaliwa hapohapo. Msimulizi wa sinema bubu hufanya vivyo hivyo. Mpangilio ameshapewa na filamu, hawezi kuubadilisha hata kwa sekunde moja. Maneno ni yake.

Ili tuone ugumu wa kazi, tuchukue tukio moja. Mwaka 1926 Buster Keaton alitoa The General, filamu ambayo Lubumbashi, mji uliofikiwa na reli kutoka kusini mwaka 1910 na ambao mpaka leo ndio makao makuu ya SNCC, shirika la reli la Kongo, ina haki ya kuiona kama ya kwao. Johnnie Gray, anayechezwa na Keaton mwenyewe, ni mashinisti wa treni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimeanza, ameenda kujiandikisha jeshini akakataliwa, na mchumba wake Annabelle, akidhani ni mwoga, amemwambia asije kuzungumza naye tena mpaka avae sare. Johnnie anakwenda kwenye kichwa cha treni yake na kuketi juu ya ule mtaimbo mrefu unaounganisha magurudumu. Amejikunyata, macho chini. Mtu mwingine yuko ndani, hamwoni, anafungua mvuke. Gurudumu linaanza kuzunguka. Mtaimbo unapanda na Johnnie, unashuka na Johnnie, unapanda tena, na yeye bado yuko kwenye mawazo yake. Anashtuka tu pale treni inapomwingiza bandani.

Keaton alikaa pale mwenyewe, hakuna aliyemwekea mtu wa badala. Kama mvuke ungefunguliwa kwa nguvu mno, magurudumu yangeteleza na kuzunguka ovyo, na angeweza kufa. Yote hayo yanapita kwa sekunde chache.

Msimulizi afanye nini na sekunde hizo? Mchanga hueleza anachokiona kila mtu: ameketi, treni inaondoka, anapanda, anashuka. Ameiua. Mwenye mazoea kidogo hutangulia na kicheko: subirini, mtaona! Naye ameiua, kwa sababu ameuza mshangao ambao si wake. Bingwa husema mapema, Johnnie akiwa bado anatembea, neno moja la kumfungulia mtazamaji huzuni ya yule kijana: amekataliwa jeshini, amekataliwa na mchumba, kimebaki chuma chake tu. Kisha anaiachia picha. Mtaimbo ukipanda, hasemi. Ukishuka, hasemi. Ukumbi ukishacheka na treni imeshapotelea bandani, kwenye ule upenyo mdogo kabla ya tukio linalofuata, hapo anaweza kutupia lake: „Papa huyu, bibi amemukatala, sasa mashini inamubeba!“ Sentensi ya Kiswahili cha Katuba, mtaa wa Lubumbashi, fupi, iliyokuja baada ya picha kumaliza kazi yake.

Halafu kuna watazamaji wenyewe. Ukumbi wa Lubumbashi ukiwa na mstaafu wa reli, mwenyeji mwenye akili hamfundishi treni. Anamuuliza. „Mzee, hapa wanapakia kuni za nini?“ Na mzee, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa, anaeleza moto, maji na mvuke, na kwa dakika mbili usimulizi unakuwa wake. Hilo nalo ni sehemu ya ufundi: kujua ni nani ndani ya chumba anayestahili kupewa zamu. Daraja la kweli linapowaka moto na treni ya kweli inapotumbukia mtoni huko Oregon, mbele ya kamera, bila nafasi ya kurudia, ni yule mstaafu atakayetoa sauti inayostahili, maana ndiye anayejua kichwa cha treni kina uzito gani.

Lakini filamu hii ina jambo ambalo mwenyeji hana ruhusa ya kulipitia kimya. Johnnie yuko upande wa majimbo ya kusini, yaliyopigana vita vya 1861 hadi 1865 ili kulinda utumwa wa watu weusi. Keaton hakulifanyia kazi hilo; kwake lilikuwa pambo la hadithi. Kuionyesha Lubumbashi bila kusema neno ni kuwakosea wageni. Kuisimamisha kila dakika tano ili kutoa mhadhara ni kuwachosha. Wenyeji wazuri hulisema mwanzoni, taa zikiwa bado zinawaka, kwa sentensi tatu au nne zilizo wazi, kisha wanawaamini watazamaji wao. Watu wazima wanaweza kulicheka anguko na kuikataa bendera kwa wakati mmoja.

Hata Charlie Chaplin alitamani kiti cha msimulizi. Mwaka 1942 aliirudisha sokoni The Gold Rush, filamu yake ya 1925, akaondoa vibao vya maandishi na kuweka sauti yake mwenyewe ikisimulia. Ni somo zuri kuzitazama zote mbili moja baada ya nyingine. Mahali fulani sauti inaongeza utamu. Mahali pengine unaona kwamba hata mwenye filamu anaweza kusema zaidi ya inavyohitajika.

Kwenye ukumbi wa pepe matatizo yote haya yapo, na mengine yamezaliwa huko. Kubwa ni la wakati. Filamu ikiwekwa kwenye pazia la Second Life, kila kompyuta huivuta yenyewe kutoka kwenye intaneti. Dada aliyeko Liège anaipata safi. Kaka yake aliyeko Kampemba, mtaa mwingine wa Lubumbashi, aliyenunua mega za usiku mmoja na anaomba umeme usikatike, anaipata kwa kusuasua, sekunde kadhaa nyuma. Maana yake mwenyeji hana ukumbi mmoja, ana kumbi nyingi zilizorundikana, na neno lililofika kwa wakati Liège litaharibu kicheko Kampemba.

Wenye ujuzi wanalishinda hilo kwa mbinu ambazo ukizitazama kwa karibu zinapendeza. Wanaangalia gumzo la maandishi: kicheko cha kwanza kikiandikwa na cha mwisho kikifika, wanajua umbali kati ya aliye mbele na aliye nyuma, na wanasubiri huyo wa mwisho kabla ya kusema. Vibao vya maandishi vya filamu, ambavyo zamani vilikuwa kero kwa asiyejua kusoma, wanavigeuza kuwa vituo: picha inasimamishwa hapo, kibao kinasomwa kwa Kiswahili polepole, walioachwa nyuma wanafika, safari inaendelea. Sentensi zinakuwa fupi. Mzaha unakuja baada ya tukio, kamwe si kabla. Na kwa yule ambaye sauti yake inakatikakatika, mwenyeji ameandaa maelezo yaleyale kwa maandishi, anayabandika kwenye gumzo kila kipande kinapoanza. Mtu akiingia amechelewa, anakaribishwa kwa jina kwa maandishi, ili sauti isikatize picha.

Muziki nao unataka uamuzi. Zamani kila ukumbi wenye uwezo ulikuwa na mpiga piano. Katanga ina jibu lake: gitaa. Mwenda Jean Bosco, ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alionyesha kwa wimbo wa Masanga kwamba mtu mmoja mwenye gitaa kavu anaweza kubeba besi na sauti ya juu kwa mkono uleule. Mpigaji wa aina hiyo, akikaa na filamu siku mbili tatu kabla ya onyesho, ataifuata hatua ya mtu na kuacha nafasi pale msimulizi anapotaka kusema. Rekodi iliyobandikwa tu haiwezi, kwa sababu haioni.

Sasa niirudie ile hazina. Katikati ya miaka ya 1920 Mbelgiji Ernest Genval alizunguka Kongo akipiga filamu zilizokusudiwa kuwaonyesha Wabelgiji kazi kubwa ya koloni lao: reli, bandari, viwanda, migodi. Le Congo qui s'éveille ilitoka mwaka 1927. Genval mwenyewe alikufa katika kambi ya Dachau mwaka 1945. Sinematheki ya Brussels ilizitoa filamu zake kwenye DVD mwaka 2010, pamoja na za André Cauvin na Gérard De Boe. Ni filamu za matangazo, na zinasema uongo kwa njia ya matangazo: zinaonyesha mashine na kuficha bei yake. Lakini kamera haichagui kila kitu inachokiona. Nyuma ya mashine kuna mtu anafuta jasho. Pembeni kuna kijana anamtazama mpigapicha moja kwa moja, na uso wake hauna shukrani yoyote. Vibao vya maandishi havimtaji jina.

Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi, alishaonyesha njia kwa picha mnato. Katika kazi yake ya Mémoire, ya mwaka 2006, aliwachukua wafanyakazi kutoka kwenye picha za zamani za kampuni na kuwasimamisha ndani ya magofu ya Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, mahali walipofanyia kazi. Mwaka 2008 yeye na wenzake wa kikundi cha sanaa cha Picha wakaanzisha maonyesho ya kila baada ya miaka miwili yanayoendelea mjini mpaka leo. Msimulizi wa sinema anaweza kuichukua kazi hiyo pale picha mnato inapoishia. Picha inayotembea ina muda ndani yake, na muda unaweza kujazwa na sauti ya mtu anayejua.

Hebu fikiria onyesho la namna hiyo. Mwendo umerekebishwa, wafanyakazi wanatembea kama watu. Vibao vya Kifaransa vinasomwa kama vilivyo, bila kulainishwa, ili kila mtu asikie majigambo ya wakati ule. Kisha picha inaachiwa mzee aliyeko Katuba na binti yake aliyeko Brussels, na wanaanza: hii ni tanuri, hapa ndipo moshi ulipokuwa ukiwachoma macho, vazi hili walipewa na kampuni, huyu anayebeba upande wa kushoto ndiye atakayeumia mgongo. Mwenyeji kazi yake ni kulinda zamu, kusimamisha picha pale mzee anapohitaji muda, kumzuia kijana mwenye haraka ya kulaani kabla hajatazama, na kumzuia pia mwenye hamu ya kusifu zamani kwa sababu siku hizo kampuni ililipa kwa wakati. Wote wana lao la kusema. Yeye analinda nafasi ya kila mmoja, pamoja na wale wa kwenye picha.

Ndiyo maana naiweka kazi hii juu, na ninasikitika kuona jinsi inavyochukuliwa kuwa porojo ya vibandani. Inadai kumbukumbu ya filamu nzima kichwani, sikio la kupima ukumbi usioonekana, lugha inayomfikia fundi na msomi kwa sentensi moja, na kiasi. Mwenye hivyo vyote ni fundi kamili na anastahili kulipwa kama fundi. Anayepanga onyesho na kumlipa mwenye projekta, mwenye viti na mwenye jenereta, kisha akamwambia msimulizi „tutaonana“, ameukata mti uliozaa tunda.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wa Lubumbashi na kwa watoto wao walioko nje. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, Picha, na vyama vya wanafunzi na wahamiaji waombe nakala za filamu hizi kutoka Brussels kwa ajili ya kuonyeshwa wazi, mjini na kwenye kumbi za pepe, kwa Kiswahili, na kila onyesho lirekodiwe sauti. Wakati hayo yakisubiri barua na mihuri, kuna jambo lisilohitaji ruhusa ya mtu. Aliyeingia Union Minière kijana kabla haijataifishwa mwaka 1967 sasa amekaribia miaka 80, au ameshaipita. Mwenye babu wa namna hiyo amketishe mbele ya picha mwezi huu, awashe kinasa sauti cha simu, na amuulize nani ni nani.